Fundi wa Umeme na Kazi Isiyoonekana

Katika lugha ya Kiswahili neno umeme lilikuwa na maana yake kabla ya taa ya kwanza kuwashwa kwa mashine. Lilikuwa jina la mwanga upasuao mawingu wakati wa masika, utanguliao ngurumo na kuwafanya watoto wajikunyate karibu na mama zao. Nguvu ya namna ile ile ilipozalishwa na wanadamu, ikapitishwa katika nyaya na kuingizwa majumbani, watu wengine waliiita elektriki, na wengine, hasa katika Kenya, waliiita stima; lakini jina lililodumu vitabuni na katika vinywa vya wengi ni lile lile la mawinguni. Jina hilo ni sifa, na ni onyo pia. Kila abonyezaye swichi ukutani huiita radi ije imtumikie, na kati yake na radi hiyo hakuna kinga ila kazi ya mtu ambaye aghalabu hamjui kwa sura wala kwa jina, yaani fundi wa umeme wa majengo.

Kazi ya fundi huyu ina hali isiyopatikana katika ufundi mwingine wa ujenzi. Ukuta wa mwashi huonekana na kila apitaye njiani. Mlango wa seremala hushikwa kila siku. Lakini nyaya za fundi wa umeme hufunikwa kwa lipu, hulazwa ndani ya zege na kufichwa juu ya dari kabla mwenye nyumba hajahamia. Kosa la mwashi huonekana kama ufa. Kosa la seremala hulia mlango ufunguliwapo. Kosa la fundi wa umeme hukaa kimya, pengine kwa miaka 20, kisha husema mara moja tu. Historia ya ufundi huu tangu miaka ya 1880 ni historia ya jinsi kimya hicho kilivyowekewa sheria, na ya gharama iliyolipwa kabla ya sheria hizo kuandikwa na baada yake.

Taa ya umeme ya kufaa nyumbani ilipatikana karibu na mwaka 1879, kwa juhudi za Joseph Swan katika Uingereza na Thomas Edison katika Marekani. Kabla ya hapo majumba ya miji mikubwa ya nchi hizo yaliangazwa kwa gesi, na majumba ya michezo yalikuwa yakiteketea mara kwa mara kwa sababu ya miali yake. Mwaka 1881 jumba la Savoy mjini London likawa jumba la kwanza la hadhara duniani kuangazwa lote kwa umeme, likiwa na taa za Swan zipatazo 1,200. Watazamaji walikuwa na hofu. Kwa hiyo, tarehe 28 Desemba mwaka ule, mwenye jumba, Richard D'Oyly Carte, alisimama jukwaani, akaizungushia taa iwakayo kitambaa chepesi kishikacho moto upesi, akaivunja mbele ya macho yao. Taa ikazimika, na kitambaa hakikuungua. Watu walishangilia sana.

Onyesho lile lilikuwa la kweli, lakini lilithibitisha nusu tu ya jambo. Taa ilikuwa salama. Hatari haikuwa katika taa bali katika njia iliyouleta mkondo mpaka kwenye taa, na njia hiyo ilikuwa nyuma ya ukuta, mahali ambapo hakuna mtazamaji.

Tarehe 4 Septemba 1882 kituo cha Edison katika mtaa wa Pearl, New York, kilianza kupeleka umeme kwa wateja wapatao 80 na taa zao kama 400. Siku hiyo ilihitaji jamii ya mafundi ambayo haikuwapo. Hapakuwa na shule ya kazi hii, wala mzee wa kazi awezaye kumrithisha mwanagenzi wake. Waliojitokeza walitoka katika kazi za jirani: watengeneza kengele za nyumbani, wafungaji wa mabomba ya gesi, watandaza nyaya za simu za maandishi, na maseremala. Kila mmoja alikuja na maarifa ya kazi yake ya zamani pamoja na makosa yake. Fundi wa kengele alizoea mkondo dhaifu. Kwake kiungo kibaya kilikuwa na adhabu moja tu: kengele haikulia. Alipofunga kiungo cha namna ile ile katika nyaya za taa, adhabu ikawa nyingine.

Sababu yake ni sheria ya maumbile isiyomjali mtu. Mkondo upitapo katika waya huzaa joto, na joto hilo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukizidishwa mara 2, joto huzidi mara 4, ukizidishwa mara 3, joto huzidi mara 9. Waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mkubwa ni jiko lililofichwa. Nacho kiungo kilicholegea huupinga mkondo mahali padogo kama punje ya mtama, na joto lote la upinzani huo hukusanyika papo hapo, karibu na mbao kavu. Mafundi wa mwanzo hawakuwa wazembe kuliko watu wengine. Walikuwa wakiongozwa na uzoefu ambao ulikuwa haujui jambo hili.

Hata matajiri hawakuepuka. Nyumba ya J. P. Morgan, mwenye benki mashuhuri wa New York, ilikuwa miongoni mwa nyumba za kwanza kuwekewa umeme, mwaka 1882. Mashine yake ilitiwa chini ya ardhi nyuma ya nyumba, na mngurumo wake ukawaudhi majirani. Kisha waya uliopitishwa chini ya zulia kwenda kwenye taa ya mezani ulishika moto, ukaunguza meza na zulia katika chumba cha vitabu. Morgan hakuukataa umeme. Aliagiza kazi irudiwe vizuri. Alikuwa na fedha za kurudia. Mtu wa kawaida ambaye nyumba yake ndiyo mali yake yote hakuwa na nafasi ya kujifunza kwa moto wa kwanza.

Nyaya zenyewe zilikuwa dhaifu. Nyingi zilivikwa uzi wa pamba uliopakwa rangi, na vazi hilo lilipoingia unyevu likaacha kuwa kinga. Waya wa namna hiyo ulijulikana katika Marekani kwa jina la kampuni za bima, kwa sababu ulikubaliwa nazo. Lakini kwa kuwa katika Kiingereza neno la watoa bima na neno la wazikaji hukaribiana kwa sauti, mafundi walibadili herufi chache wakauita waya wa wazikaji. Mzaha wa mafundi aghalabu ni ushahidi. Ulionyesha kwamba wanaoishika kazi kwa mikono walikuwa wamekwisha kujua jambo ambalo wenye kuiuza walikuwa hawajalikiri.

Miongoni mwa watu walioibadili hali hiyo kwa kufundisha alikuwapo Lewis Latimer, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1848 katika Massachusetts. Baba yake, George Latimer, alitoroka utumwa wa Virginia mwaka 1842, na kesi ya kutaka kumrudisha kwa bwana wake iliutikisa mji wa Boston. Mwana wa mtoro huyu alijifundisha kuchora michoro ya mitambo, na tangu mwaka 1880 akafanya kazi katika kampuni ya taa iliyoshindana na ya Edison. Alisimamia uwekaji wa taa katika majengo ya New York, Philadelphia na Montreal. Huko Montreal wafanyakazi wengi walisema Kifaransa. Basi Latimer alijifunza maneno ya kazi kwa lugha yao ili maagizo yake yaeleweke. Baadaye alipelekwa London kusaidia kuanzisha kiwanda cha taa. Mwaka 1882 alipata hataza ya njia bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni za taa, na mwaka 1890 alitoa kitabu kieleweshacho mfumo wa taa za umeme kwa watu wasio wataalamu.

Jambo la Montreal lafaa kutiwa maanani kuliko hataza. Latimer alitambua mapema kwamba agizo lisiloeleweka ni hatari sawa na waya ulio wazi. Mkono humfuata mtu anachokifahamu. Na msimamizi asemaye lugha isiyofahamika kwa wafanyakazi wake hujenga nyumba ambayo yeye mwenyewe haijui.

Sheria za kwanza zilitungwa upesi, na wa kwanza kuzitaka walikuwa wale ambao moto uligusa mifuko yao. Mwaka 1882, mwaka ule ule wa mtaa wa Pearl, Musgrave Heaphy wa kampuni ya bima ya Phoenix alitunga kanuni zake mjini London. Na mwaka huo chama cha wahandisi wa simu na umeme cha Uingereza kilitoa kanuni zake za kuzuia moto utokanao na taa za umeme, zenye kurasa chache tu. Kutokana na kurasa hizo kimekua kitabu kikubwa ambacho toleo lake la 18 lilitoka mwaka 2018. Katika Marekani mambo yalikwenda kwa fujo zaidi, hata ilipofika mwaka 1895 palikuwa na kanuni 5 mbalimbali zilizotumiwa katika nchi moja. Kazi iliyosifiwa katika mji mmoja iliweza kukataliwa katika mji mwingine. Wahusika walikutana mjini New York mwaka 1896, na mwaka 1897 ikatoka kanuni moja ya taifa, ambayo hata leo hutolewa upya kila baada ya miaka 3.

Kati ya matukio hayo yalikuwapo maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, yaliyoangazwa kwa taa zaidi ya 100,000. Watoa bima walitazama nyaya nyingi zilizopitishwa katika majengo yaliyojengwa kwa haraka, wakaingiwa na wasiwasi, wakamtuma kijana William Henry Merrill kwenda kukagua. Merrill alitoka huko na fikira sahili: kwamba haifai kubishana juu ya usalama wa kitu ilhali kinaweza kujaribiwa. Mwaka 1894 akaanzisha chumba cha majaribio mjini Chicago. Tangu hapo waya, swichi na fyuzi havikukubaliwa tena kwa neno la muuzaji peke yake.

Hata hivyo kanuni hizo zilikuwa na upungufu mmoja. Ziliandikwa ili kuikinga nyumba na mali. Hazikuandikwa ili kumkinga fundi. Jambo hilo lilidhihirika tarehe 11 Oktoba 1889 katikati ya New York. John Feeks, mtengeneza nyaya, alipanda nguzo iliyojaa nyaya za makampuni mbalimbali ili aondoe zile zisizotumika. Nyaya alizozigusa zilikuwa za simu za maandishi, zenye mkondo dhaifu, nazo alizoea kuzishika kila siku. Lakini mahali pengine, mbali na macho yake, waya mmojawapo ulikuwa umegusana na waya wa taa wenye nguvu kubwa. Feeks alikufa pale pale, na mwili wake ukaning'inia katika nyaya juu ya umati wa watu waliokuwa wametoka kwenda kula chakula cha mchana. Watu walitia fedha katika kisanduku kwa ajili ya mjane wake. Meya wa mji akaamrisha nyaya za hatari zikatwe.

Feeks hakuuawa na kosa lake. Aliuawa na kazi ya mtu mwingine, mtaa mwingine, labda ya siku nyingi. Humo ndimo ulimo mzizi wa adabu yote ya ufundi huu: kila fundi hushika, kwa mikono mitupu, uaminifu wa mafundi waliomtangulia.

Mwaka uliofuata, 1890, mafundi wengi walikusanyika St. Louis kuweka taa za maonyesho ya mji huo. Jioni walikuwa wakizungumza juu ya kazi yao, wakagundua kwamba shida zao zilikuwa moja kila walikotoka. Ujira wa dola 2 kwa siku ulihesabiwa kuwa mzuri. Siku ya kazi ilifika muda wa saa 12. Na vifo vilikuwa vingi mno. Wanagenzi walipandishwa nguzoni bila kufundishwa kinachoua na kisichoua. Makampuni ya bima, yaliyokuwa hodari kuandika kanuni za kuyakinga majumba, hayakupenda kuyakatia bima maisha ya watu walioyawekea majumba hayo umeme.

Mmoja wao alikuwa Henry Miller, mzaliwa wa Texas. Miller alichukua vyombo vyake vya kazi na mkoba mkuukuu, akasafiri kwa kudandia magari ya mizigo kutoka mji hata mji. Mchana alifanya kazi pamoja na mafundi wa mahali, na usiku aliwashawishi waungane. Mnamo Novemba 1891 wajumbe 10, wakiwakilisha wanachama 286, walikutana St. Louis wakaunda chama cha udugu cha wafanyakazi wa umeme, na Miller akawa rais wake wa kwanza. Nembo waliyoichagua ni ngumi iliyoshika miale ya radi. Msomaji wa Kiswahili haihitaji tafsiri: mkono umeukamata umeme. Chama kiliahidi mambo mawili kabla ya mengine, yaani mafunzo kwa wanagenzi na msaada wa fedha kwa familia za wafu.

Miller hakuishi kuuona ukubwa wa chama chake. Mwezi Julai 1896, usiku, alikuwa juu ya nguzo mjini Washington akitengeneza nyaya zilizoharibiwa na dhoruba. Umeme ulimpiga, akaanguka, akafa. Alizikwa katika mji huo. Mwaka uliofuata ndio uliotoka kanuni ya taifa iliyotajwa hapo juu. Hakuna aliyeandika katika kurasa zake jina la Feeks au la Miller, lakini atakayezisoma kanuni za ufundi huu kwa makini ataona kwamba nyingi miongoni mwake ni maandiko ya makaburini yaliyogeuzwa kuwa amri.

Wakati sheria zikitungwa, mikono nayo ilikuwa ikijifunza. Katika nyumba za mbao za Marekani mafundi waliacha kuzipigilia nyaya kwa misumari, wakazitundika juu ya vifundo vya kauri, zikiwa zimetengana. Na pale zilipopita katika boriti, walilitoboa tundu kwa keekee wakatia mrija wa kauri ili waya usiguse mti. Kila kiungo kilisokotwa mara kadhaa, kikatiwa lehemu, kikafungwa utepe wa mpira. Kazi hiyo ilitumika tangu miaka ya 1880 hata miaka ya 1930, na nyaya nyingine za namna hiyo zimeendelea kutumika katika nyumba za kale kwa muda mrefu baada ya waliozifunga kufa. Katika Uingereza, kwenye nyumba za matofali, nyaya zilipitishwa kwanza katika mbao zenye mifereji miwili, kisha katika mabomba ya chuma. Bomba lilileta faida mpya: waya uliochakaa uliweza kuvutwa na mwingine kuingizwa bila kuubomoa ukuta. Kwa mara ya kwanza fundi alimfikiria waziwazi fundi mwenziwe atakayekuja baada ya miaka 40.

Ujuzi wa kazi hii una sehemu tatu. Ya kwanza ni hesabu. Fundi hutazama mchoro wa msanifu, akajiuliza kila chumba kitabeba mzigo gani. Birika la wati 3,000 kwa volti 230 huvuta ampea 13. Jiko huvuta zaidi. Na unene wa waya lazima ulingane na mkondo, urefu wa njia na joto la mahali. Fyuzi nayo lazima iwe dhaifu kuliko waya iulindao, kwa maana kazi ya fyuzi ni kufa kwanza. Wenye nyumba wengi hawakulipenda jambo hilo. Katika Marekani palikuwa na desturi ya kutia senti ya shaba nyuma ya fyuzi iliyoungua ili taa ziwake tena. Na kwingineko watu hufunga kipande cha waya mnene kwa nia ile ile. Taa huwaka kweli, lakini mlinzi ameuawa na nyumba haijui.

Sehemu ya pili ni mkono na wakati. Fundi wa umeme hafanyi kazi peke yake. Huingia pale mwingine anapotoka. Katika jengo la zege mabomba hulazwa kati ya nondo kabla ya zege kumwagwa, na baada ya hapo hakuna kurekebisha ila kwa tindo na nyundo. Lazima ajue kona ya bomba ipinde kiasi gani ili waya upite bila kuchubuka, vijisanduku vikae kina gani ili visimezwe na lipu, na swichi iwe upande upi wa mlango ambao bado haujawekwa. Huijenga nyumba nzima akilini kabla haijasimama.

Sehemu ya tatu ni upimaji, na hapo ufundi hugeuka kuwa tabia. Fundi haamini kwamba waya umekufa kwa sababu ameambiwa hivyo, huupima. Hupima kwanza kipimo chenyewe katika waya ulio hai, kisha waya wa kazi, kisha kipimo tena, ili asije akadanganywa na chombo kibovu. Kazi ikiisha hupima kinga ya nyaya zote na njia ya waya wa ardhi, ijapokuwa taa zinawaka na mwenye nyumba amekwisha kufurahi. Taa kuwaka si ushahidi wa kazi njema. Waya wa ardhi unaweza kukatika siku ya kwanza na taa zikawaka miaka 30. Siku gamba la chuma la mashine litakapoguswa na waya ulio hai ndiyo siku ukosefu huo utakapojulikana.

Vyama vya mafundi vililinda maarifa haya, lakini mara nyingi vililinda mlango pia. Kwa miaka mingi vyama vingi vya ufundi wa ujenzi vya Marekani viliwazuia Wamarekani weusi kuingia katika uanagenzi, na kazi ikarithiwa kutoka baba hata mwana na kutoka mjomba hata mpwa. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 iliuharimisha ubaguzi huo, na baada yake zilihitajika kesi na maandamano ili uondoke kwa matendo. Hivyo mtu kama Latimer aliweza kuwafundisha mafundi wa miji mitatu, ilhali miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1928 vijana wa kabila lake walikuwa wakifukuzwa mlangoni. Udugu uliozaliwa kwa sababu mauti hayachagui, wenyewe ulichagua. Doa hilo haliwezi kufutwa katika historia yake kwa kuitaja ngumi na radi.

Katika Afrika ya Mashariki umeme wa miji ulianza karibu wakati mmoja pande zote mbili za mpaka wa wakoloni. Mwaka 1908 Wajerumani waliweka umeme Dar es Salaam, ambao ulihudumia karakana za reli. Na mwaka huo huo huduma ya umeme ilianzishwa Mombasa na Nairobi. Bwawa la Owen Falls katika Jinja lilifunguliwa mwaka 1954. Pamoja na utawala wa Waingereza zilikuja kanuni zao, na pamoja na kanuni zilikuja rangi zao: waya mwekundu ni wenye uhai, mweusi ni wa kurudi. Lakini katika Marekani waya mweusi ndio wenye uhai, na mweupe ndio wa kurudi. Rangi moja, katika nchi moja ni amani na katika nchi nyingine ni mauti. Uingereza wenyewe waliziacha rangi zao za kale katika nyaya za majengo kati ya mwaka 2004 na 2006, wakafuata kahawia na samawati za Ulaya. Na fundi aingiaye leo katika nyumba ya kale ya Mombasa au Tanga huweza kukuta vizazi viwili vya rangi ndani ya kisanduku kimoja. Rangi ni ahadi iliyowekwa na mtu asiyekuwapo. Fundi mwenye busara huiheshimu, kisha hupima.

Kwamba sheria zenyewe zaweza kukosea kulidhihirika kati ya mwaka 1965 na 1973, bei ya shaba ilipopanda na nyumba nyingi za Marekani zikawekewa nyaya za alumini. Alumini huchukua umeme vizuri, lakini hutanuka na kusinyaa zaidi kwa joto, hulegea chini ya skrubu, na hufanya kutu izuiayo mkondo. Nyaya zilikuwa zimekubaliwa na kazi ilikuwa imekaguliwa, na bado viungo viliungua. Kosa lilikuwa lile lile la fundi wa kengele wa mwaka 1882: maarifa ya kitu kimoja yalichukuliwa yakatumiwa kwa kitu kingine bila kujaribiwa.

Kwa upande mwingine, kinga mojawapo iliyo kubwa katika zama hizi ilitokana na kazi iliyofanywa Afrika. Katika miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika ya Kusini alitengeneza, kwa ajili ya machimbo ya dhahabu, chombo kilinganishacho mkondo uendao na mkondo urudio. Tofauti ikitokea, maana yake mkondo umepata njia nyingine, labda mwilini mwa mtu, na chombo hukata umeme mara moja. Vyombo vya namna hiyo viwekwavyo majumbani leo hukata kwa tofauti ya miliampea 30. Taa moja ya kale ya wati 60 hutumia zaidi ya mara 8 ya kiasi hicho. Hivyo ndivyo ulivyo mdogo umeme utoshao kumwua mtu, na hivyo ndivyo ulivyofika ufundi: kuuona mkondo mdogo kuliko wa taa ukipotea njia, na kuuzuia kabla moyo haujasimama.

Lakini hata chombo hicho hufungwa na mkono wa mtu, katika kisanduku kitakachofunikwa. Mkaguzi hutazama sehemu ndogo ya kazi. Mwenye nyumba hutazama taa. Kati ya vyote viwili imo sehemu kubwa isiyotazamwa na yeyote, ambayo fundi huifanya akiwa peke yake juu ya ngazi, jioni, amechoka, mkandarasi akimhimiza amalize. Hapo kukaza skrubu mzunguko mmoja zaidi hakuna malipo, na kuiacha imelegea hakuna adhabu ya kesho. Anayeikaza humfanyia wema mtoto ambaye pengine hajazaliwa, atakayelala chini ya dari hiyo, na fundi mwingine ambaye siku moja atafungua kisanduku kile akiwa na bisibisi mkononi. Feeks hakuupata wema huo kutoka kwa mtu aliyemtangulia. Kanuni zote zilizoandikwa baada yake zinaomba, kwa maneno mengi na tarakimu nyingi, kwamba ajaye aupate.